Mjumbe wa Jimbo la Mashariki

Sisi tukaao Kingolwira na pande zote za Uluguru tumezoea kumtaja Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kuwa mkuu wa nchi nzima. Wachache hukumbuka ya kuwa kura za kwanza zilizompeleka Barazani zilitoka katika jimbo letu.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki. Alisoma Makerere, kisha Edinburgh, akarudi mwaka 1952, akafundisha Pugu. Mwaka 1955 aliacha mshahara wa shule ili ashike kazi ya TANU.

Mwaka 1957 Gavana Twining alimteua awe mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Kiti kilikuwa cha heshima, lakini mashauri aliyoyatoa yalikataliwa. Hata mwezi wa Desemba akajiuzulu, asije akawa pambo tu la Baraza.

Kisha ukaja uchaguzi. Sheria ilimlazimu kila mpiga kura kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Tena hakuandikwa ila mwenye elimu, mapato au cheo kilichotakiwa. Wengi katika TANU waliona jambo hili kuwa dhuluma, wakataka chama kijitenge. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Nyerere aliwasihi waingie, nao wakakubali.

Yeye mwenyewe akasimama katika Jimbo la Mashariki. Mshindani wake alikuwa Patrick Kunambi, mtu wa Uluguru, naye alikuwa mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954. Zaidi ya hayo, siku zile zile mahakama ilimtia Nyerere hatiani kwa maneno aliyoyaandika juu ya mabwana shauri wawili. Akalipa faini ya shilingi 3,000, asifungwe miezi sita. Basi alikuwa mgeni, tena mwenye hukumu juu yake. Walakini mwezi wa Septemba wapiga kura walimchagua yeye kwa kura nyingi.

Mwaka 1961 akawa Waziri Mkuu, akakiacha cheo hicho Januari 1962. Desemba mwaka ule akawa Rais, hata mwaka 1985 alipong'atuka. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Kiti alichopewa na mkubwa alikirudisha, kwa kuwa hakikumwezesha kuwatumikia watu. Kiti alichopewa na watu wasio wa kabila lake alikipokea. Nasi tuchaguapo wazee wa usharika, tuyakumbuke hayo mawili.