Bernard Grenfell na Majalala ya Oxyrhynchus

Bernard Pyne Grenfell alizaliwa Birmingham, Uingereza, tarehe 16 Desemba 1869. Baba yake alikuwa mwalimu, na mtoto akasoma katika shule ileile alimofundisha baba, Clifton, kabla ya kuingia Queen's College ya Oxford mwaka wa 1888. Hapo ndipo alipofahamiana na Arthur Hunt, mdogo wake kwa mwaka na miezi kidogo. Tangu wakati huo ni shida kusimulia maisha ya mmoja bila kumtaja mwingine.

Kazi ya kuchimba alijifunza Misri, mkononi mwa Flinders Petrie. Mwishoni mwa 1896 yeye na Hunt walifika Behnesa, kijiji kilichojengwa juu ya mji wa kale ambao Wagiriki waliuita Oxyrhynchus kwa jina la samaki wa Nili mwenye mdomo mrefu. Walianza na makaburi, kama walivyofanya wachimbaji wengi wa zamani zao, wala hawakupata kitu cha maana. Januari 1897 wakahamia kwenye majalala, vilima vya takataka ambazo wenyeji wa mji walikuwa wametupa nje karne baada ya karne. Mvua hainyeshi huko, basi karatasi za mafunjo hazikuoza. (Mafunjo ni mmea uleule unaojaa katika mabwawa ya Upemba, kwetu ungeoza katika msimu mmoja tu.)

Karibu mwanzoni kabisa, Hunt aliona kwenye kipande kimoja neno la Kigiriki lenye maana ya kibanzi, akakumbuka Injili. Ulikuwa ukurasa wa maneno ya Yesu ambao hakuna aliyekuwa akiujua. Magazeti ya Ulaya yalishika habari hiyo, na fedha za kuendelea zikapatikana. Lakini mimi nadhani mali yenyewe ilikuwa mahali pengine: risiti za kodi, mikataba ya ndoa, barua za nyumbani. Katika kitabu cha kwanza, kilichotoka 1898, imo barua ya mtoto anayeitwa Theon, amemkasirikia baba yake kwa kutompeleka Aleksandria, na anatishia kuacha kula. Kigiriki chake kimejaa makosa ya herufi. Kwa sisi wa fakulte ya lugha makosa hayo ni dhahabu: mtoto huandika anavyosikia, na kwa hiyo tunajua watu wa Misri walivyokuwa wakitamka lugha hiyo zamani za Warumi.

Walichimba miaka mingine Fayum, ambako mwaka wa 1900 mfanyakazi mmoja, amechoka kufukua mamba waliokaushwa badala ya watu, alimvunja mamba mmoja kwa hasira na kukuta amefungwa kwa karatasi zilizoandikwa. Kutoka 1903 hadi 1907 walirudi Oxyrhynchus kila msimu wa baridi. Wafanyakazi Wamisri, wanaume na watoto, walizidi mia moja. Walilipwa bakshishi kwa kila walichokiokota, ili wasikiuze kwa wachuuzi. Majina yao hayamo juu ya vitabu, ijapokuwa mikono yao ndiyo iliyogusa kila kipande kwanza.

Vipande vilipakiwa katika masanduku ya bati, mengine ya biskuti, vikasafirishwa hadi Oxford. Hesabu yake yakaribia nusu milioni. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mwandishi wa zamani hakuacha nafasi kati ya neno na neno. Wino umefifia, wadudu wametoboa, nusu ya mstari haipo. Grenfell alinakili herufi, akakata maneno, akatafsiri, akaandika maelezo, kisha akashika kipande kingine. Kwa miaka zaidi ya kumi yeye na Hunt walitoa vitabu kwa mwendo ambao leo unatisha.

Mwili na akili havikustahimili. Mwaka wa 1908 Oxford ilimfanya profesa wa elimu ya mafunjo, lakini ugonjwa wa akili ulikuwa umekwisha kumwandama, ukamwondoa kazini kwa miaka. Mama yake, Alice, ndiye aliyemtunza, mke hakuoa. Ukifungua vitabu vya 1910, 1911 na 1912, utakuta jina la Hunt peke yake. Katika kile cha 1914 majina ni mawili tena. Ila mwaka wa 1920 ugonjwa ulirudi, na safari hii haukumwacha. Alifariki Uskoti tarehe 18 Mei 1926, umri wake miaka 56. Hunt aliendelea hadi kufa kwake mwaka wa 1934, na masanduku mengi yalikuwa bado kufunguliwa.

Mwaka wa 2011 Oxford, pamoja na wanasayansi wa nyota waliozoea kuomba msaada wa umma, ilianzisha kwenye intaneti kazi iliyoitwa Ancient Lives. Mtu yeyote aliweza kuona picha ya kipande, kubonyeza juu ya kila herufi, na kuchagua inayofanana nayo katika safu ya alfabeti ya Kigiriki iliyowekwa chini yake. Kujua Kigiriki hakukuhitajika. Kipande kimoja kilipitiwa na watu wengi. Kompyuta ililinganisha majibu yao, ikachukua herufi waliyokubaliana, na kuitafuta mistari hiyo katika maandishi yanayojulikana. Wajitolea walikuwa wengi sana, walimu, wastaafu, wanafunzi.

Kuna wataalamu wanaodharau jambo hili, wakisema kunakili umbo si kusoma. Ni kweli, si kusoma. Lakini Grenfell na Hunt walizibeba kazi hizo mbili wenyewe. Kukata maneno na kuyaelewa bado kunamngoja mtu aliyekaa darasani miaka mingi. Mfululizo wa vitabu alioanzisha umepita 80, na maandishi yaliyochapwa yamezidi 5,000. Mengine bado yamo katika masanduku.