Winogradsky: Mkimbizi aliyefichua viumbe wanaofanya kazi gizani

MFANYABIASHARA anayevusha mifuko ya mbolea mpakani na mwenzake anayenunua samaki pwani wanategemea kazi ya viumbe wasioonekana kwa macho. Aliyewafichua ni Sergei Winogradsky, mwanasayansi ambaye naye maisha yake yalikuwa ya kuvuka mipaka.

Alizaliwa mwaka 1856 mjini Kiev, enzi za Dola ya Urusi. Alisomea piano St Petersburg, kisha akageukia sayansi. Mwaka 1885 alikwenda Strasbourg, na baadaye Zurich nchini Uswisi.

Wakati huo wataalamu waliamini kuwa mimea ya kijani pekee, ikisaidiwa na jua, ndiyo inayoweza kujitengenezea chakula. Winogradsky aliona tofauti. Alionyesha kuwa wapo bakteria wanaopata nguvu kutokana na madini, bila kuhitaji mwanga hata kidogo.

Mwaka 1890 alifanikiwa kuwatenga bakteria wanaobadili amonia. Wengine walishindwa kwa sababu waliwalisha vyakula vizito. Yeye aliwapa maji, chumvi za madini na amonia tu. Akagundua kuwa kazi hiyo ina makundi mawili: la kwanza hubadili amonia nusu njia, la pili hupokea mzigo hapo na kuufikisha kwenye naitreti, chakula cha mimea.

Mwaka 1905 alistaafu na kuishi kwenye shamba lake. Mapinduzi ya Urusi yalimpokonya yote. Mwaka 1920 alikimbia nchi, akiwa na zaidi ya miaka 60, akafundisha Belgrade. Mwaka 1922 Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa ilimpokea, akaanza upya utafiti wa udongo katika mji mdogo wa Brie-Comte-Robert. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1949, na alifariki dunia huko mwaka 1953.

Waliomfuata waliipeleka kazi yake baharini. Walikuta kuwa mwanga mkali hudhoofisha vijidudu hao. Juu, kwenye jua, mimea midogo inayoelea humaliza naitrojeni iliyopo. Mabaki yake huzama na kutoa amonia. Chini, mwanga unapofifia, vijidudu huigeuza kuwa naitreti. Giza huweka akiba ambayo mwanga utakuja kuitumia.

Akiba hiyo haipandi yenyewe. Msimu wa kusi, upepo husukuma maji ya juu kutoka pwani ya Somalia, na maji baridi ya kilindini hupanda yakiwa na naitreti. Mimea inayoelea hustawi, na samaki hupata malisho.

Winogradsky alipoteza shamba, mali na nchi. Elimu aliyovuka nayo mipaka haikupotea, na leo inaeleza shibe ya samaki katika bahari ambayo yeye hakuifanyia utafiti.