Bibi Titi Mohamed: alikijenga chama, kisha akakikatalia

Ukitoka Kimbiji kwenda Kariakoo, pale Mnazi Mmoja utaikuta barabara ya Bibi Titi Mohamed. Jina tunalisikia kila siku kwa makondakta wa daladala. Lakini kwa nini mwenye jina alifungwa na serikali aliyoipigania?

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule alisoma kidogo tu. Watu walimjua kwanza kwa sauti yake, maana alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 TANU ilipotaka tawi la wanawake, alikabidhiwa yeye. Hakuanza na wasomi. Alivifuata vikundi vya ngoma, wapika pombe, wauza maandazi, wanawake waliokuwa na senti zao na waliozoea kuchangishana. Watumishi wa serikali ya kikoloni walikatazwa kujiunga na TANU. Kinamama hawa hawakuwa na ajira ya kupoteza. Katika miezi michache wakajiandikisha kama 5,000.

Baada ya uhuru alikuwa mbunge wa Rufiji na waziri mdogo, na mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT. Umoja huo ulikuwa chini ya chama, na mwaka 1965 sheria ikabakiza chama kimoja. Wakati wanawake wa Marekani na Ulaya wanaanzisha vikundi vyao bila kuomba ruhusa ya chama chochote, kwetu mlango ulikuwa huo huo mmoja.

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alizo, amezijenga kwa mkopo. Akakataa kuziachia, akajiuzulu Kamati Kuu. Wapo waliouita ubinafsi, na hatusemi hoja yao haina uzito, kwani wananchi walichoshwa na viongozi wanaojitajirisha. Ila mwanamke wa pwani anajua nyumba ni nini. Akiachwa, akifiwa, akizeeka bila pensheni, kodi ya vyumba viwili ndiyo itakayomlisha. Yeye aliona anaamriwa kurudi kuwa tegemezi.

Oktoba 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, pamoja na aliyekuwa waziri Michael Kamaliza na maofisa wa jeshi. Oscar Kambona, aliyetajwa kuwa kinara, alikuwa uhamishoni London. Bibi Titi alikana mashtaka. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata Rais Nyerere akamsamehe.

Alitoka, akaishi kimya miaka mingi, na marafiki wengi wa zamani hawakumkaribia. Nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, mwaka 1991, gazeti la chama likamwita shujaa. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000.