Leakey, Mwana wa Kipanga
Wengi wetu hupita Kabete na matatu bila kujua kwamba Louis Leakey alizaliwa huko mwaka wa 1903. Wazazi wake walikuwa wamishonari. Alilelewa pamoja na watoto wa Kikuyu, wakamwita Wakaruigi, yaani mwana wa kipanga. Jina lilimfaa, maana alipenda ndege sana, na Arthur Loveridge wa makumbusho ya Nairobi ndiye aliyemfunza kuwatambua. Baadaye mawe ya kale yakamteka.

Mwaka wa 1960 alimtuma Jane Goodall msitu wa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, achunguze sokwe. Msichana huyo hakuwa na digrii hata moja! Mwaka uo huo akamwona sokwe akivua mchwa kwa kijiti. Leakey alifariki London mwaka wa 1972, akazikwa Limuru.