Maisha ya Robert-Houdin, fundi wa saa na wa karata

Siku hizi mwenzetu mmoja alificha karata mkononi mbele ya wadogo wa mwaka wa kwanza, na usiku ule wawili walikataa kulala karibu naye. Walisema ni mlozi. Basi sisi makapita tumeona vema kuandika juu ya mtu aliyejulikana dunia nzima kwa kazi ile.

Jean-Eugène Robert alizaliwa Blois, Ufaransa, mwaka 1805. Baba yake alikuwa fundi wa saa, naye akafuata kazi ileile. Mwaka 1830 alioa binti Houdin, akaunganisha majina mawili. Mazingaombwe aliyasoma vitabuni, lakini kitabu hakizoezi vidole. Kwa hiyo alitaka koti lenye mifuko mikubwa, akawa anatembea barabarani mkono mfukoni, na mle ndani vidole vinazunguka na karata. Watu waliona bwana anatembea tu! Tena alijifunza kurusha mipira 4 huku akisoma kitabu. Kumbe ndiyo kazi yenyewe: mkono unaoficha karata ulegee sawasawa na mkono mtupu, na macho yasiuangalie. Ukikaza kidole kimoja, umekamatwa.

Mwaka 1845 alifungua jumba lake Paris. Wengine walivaa kanzu za kichawi. Yeye alivaa suti kama wageni wake.

Lakini jambo moja halitupendezi. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria awashinde marabuti, watu wa dini walioaminiwa kuwa na nguvu za ajabu. Alileta sanduku dogo, mwanaume mwenye nguvu akashindwa kuliinua, kwani chini yake kulikuwa sumaku ya umeme. Aliandika mwenyewe kwamba baadaye wakalimani waliwaeleza watu kuwa ni ufundi tu. Vizuri, lakini hofu ilikwisha kuwasaidia wakoloni. Kule Paris aliacha kanzu ya uchawi, na huku Afrika akatumia hofu ya uchawi. Hapo hatumsifu.

Mwaka 1868 alitoa kitabu cha kufunua siri za kazi yake. Alikufa mwaka 1871, karibu na Blois, baada ya mtoto wake askari kufa vitani.

Mwenzetu amekubali: Jumamosi atawaonyesha wale wadogo, polepole kabisa, mahali karata inapokaa. Mpaka siku ile karata ziko kwetu.