Abel: barua ya kazi ilimkuta amekufa

Siye wachimbaji wa Maniema tunajua namna kifua kikuu kinamalizaka mutu. Ndicho kilimuua Niels Henrik Abel wa Norwe, tarehe 6 Aprili 1829. Alikuwa na miaka 26 tu.

Alizaliwa 1802. Baba yake alikufa 1820, akaacha jamaa bila feza. Mwalimu wake Holmboe akamsaidia. Mwaka 1823 Abel alichukua swali hili: kitu kinateleza mlimani, tunajua muda wake toka kila kimo, basi ule mteremko uko na umbo gani? Kasi ni badiliko la mara moja. Kumbe jibu lake lilitaka badiliko la nusu mara! Akatoa njia hata kwa visehemu vingine kati ya 0 na 1: ukigeuza kisehemu, jibu nalo linageuka.

Mwaka 1826 alipeleka kazi kubwa kwa wataalamu wa Paris, ikawekwa kando. Barua ya kumpa kazi Berlin iliandikwa siku mbili kisha kifo chake. Zawadi ya Paris ilikuja 1830, yeye kaburini.

Siye tusingoje hivyo. Mwenye kukohoa wiki mbili aende kupimwa leo.