Askofu McCauley na kanisa kuu lililoangushwa na tetemeko la 1966

Sisi wa Butembo na Beni tunapenda kusema mlima Ruwenzori ni wetu. Lakini nyuma ya mlima kuko watu wengine ambao nao wanasema vile vile, na wengi wao ni ndugu zetu: Bakonzo wa Uganda na Banande wa huku ni Bayira wamoja. Mwaka wa 1966 ardhi ilitetemeka chini ya mlima ule, na pande zote mbili zililia. Leo tunasimulia maisha ya mtu aliyepata pigo hilo upande wa Fort Portal, Askofu Vincent McCauley.

Alizaliwa tarehe 8 Machi 1906 kule Council Bluffs, katika Iowa, Marekani. Aliingia shirika la Msalaba Mtakatifu, akapewa upadri mwaka wa 1934. Kisha alitumwa Bengali, sehemu ambayo leo ni inchi ya Bangladesh. Alitumika kule mpaka ugonjwa ukamrudisha kwao mwaka wa 1944. Wengine wangesema kazi ya misioni imeisha. Yeye alibaki akilea vijana waliojitayarisha kwenda misioni, na mwaka wa 1958, akiwa na miaka 52, akafika Uganda pamoja na wenzake wa kwanza wa shirika lile.

Mwaka wa 1961 jimbo la Fort Portal lilianzishwa, na McCauley akachaguliwa kuwa askofu wake wa kwanza. Hakikuwa kiti cha kupumzikia. Mwaka uliofuata Uganda ilipata uhuru, na kule mlimani Bakonzo na Baamba waliasi utawala wa Toro, ile vita ya Rwenzururu. Wakimbizi nao walikuwa wanaingia Uganda kutoka inchi za jirani. Yeye mwenyewe alikuwa na kansa ya ngozi usoni, akapasuliwa mara nyingi. Pamoja na hayo yote alikuwa anasafiri Roma kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulioisha Desemba 1965.

Kanisa kuu lake lilikuwa Virika, pembeni ya mji wa Fort Portal, misioni ambayo Mapadri Weupe walianzisha katika miaka ya 1890. Linaitwa kanisa la Maria wa Theluji, juu ya theluji ya Ruwenzori.

Miezi mitatu tu nyuma ya Mtaguso, pigo likaja. Ilikuwa Jumapili, tarehe 20 Machi 1966. Uganda ilikuwa inakaribia saa kumi na moja ya alfajiri, huku kwetu inakaribia saa kumi. Watu walikuwa wamelala. Tetemeko lilitoka katika bonde la Semuliki, kwenye mpasuko mkubwa wa ardhi ambao wazungu wanaita Graben, jina ambalo chuo kikuu chetu cha Butembo kinabeba. Nguvu yake ilipita 6,5. Watu zaidi ya 150 walikufa, na maelfu ya manyumba yakaanguka ao kupasuka, kuanzia Bundibugyo na Toro mpaka huku kwetu Beni. Na haikuisha siku ile. Mwezi wa tano ardhi ilitetemeka tena kwa nguvu.

Kanisa kuu la Virika liliharibika kabisa. Lakini kwa saa ile lilikuwa tupu. Kama tetemeko lingengoja saa chache tu, lingekuta watu ndani wako kwa misa. Wa Bukavu wanajua maana yake: tarehe 3 Februari 2008, Jumapili vilevile, tetemeko lilipiga saa tatu na nusu ya asubuhi, na upande wa Rusizi, Rwanda, kanisa liliangukia watu waliokuwa wanasali.

Sababu iko wazi kwa kila fundi. Ukuta mnene wa mawe ao matofali unabeba vizuri uzito unaotoka juu. Lakini tetemeko linasukuma toka pembeni. Kama hakuna ule mkanda wa beto na vyuma unaozunguka nyumba yote, ambao mafundi wetu wanaita shenaji, pembe zinaachana, ukuta unatoka inje, na paa linafuata. Unene wa ukuta peke yake hauokoi mtu.

McCauley alijikuta askofu bila kanisa kuu, na wakristu wake wengi bila nyumba. Alilijenga upya, na Virika ikapata tena kanisa. Lakini hakulijenga ili akae humo mpaka kufa. Mwaka wa 1972 aliacha kiti, akamwachia Mganda, Serapio Magambo. Yeye akaendelea na AMECEA, umoja wa maaskofu wa Afrika ya Mashariki, ambamo alikuwa mwenyekiti, kisha katibu mkuu mpaka 1979. Alikufa tarehe 1 Novemba 1982 kule Marekani. Mwaka wa 2006 Kanisa lilimpa jina la Mtumishi wa Mungu, hatua ya kwanza katika njia ya kutangazwa mtakatifu.

Huku kwetu ule mwaka wa 1966 unakumbukwa pia kwa jambo la furaha: Beni ilipata askofu mtoto wa inchi, Emmanuel Kataliko.

Leo Butembo inajaa manyumba ya etaje, na makanisa ya zamani ya misioni bado yanasimama kwenye vilima vyetu. Bonde la Semuliki nalo halijahama. Kama kwenu kuko mzee anayekumbuka ule usiku, mwulize ukuta wa kanisa ulipasukia wapi na nani aliutengeneza. Na kama unajenga, usiruke shenaji ili kuokoa pesa ya vyuma. Virika ilipata bahati ya saa. Sisi hatujui yetu itakuwa saa ngapi.